Chujio la sponji kwa samaki wa dhahabu: lafaa, ila nunua na vali
Kwa tangi la lita 100 lenye samaki wawili wa dhahabu, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linafaa sana. Hita si lazima: nyuzi 18 hadi 22 zawatosha, na baridi ya Julai hapa Nairobi wanaimudu. Mapovu yana kelele kidogo. Kasoro kubwa ni kwamba mara nyingi huuzwa bila vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, stima ikipotea, maji hushuka kupitia mpira wa hewa na kuiharibu. Sponji ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si chini ya mfereji. Klorini ya maji ya mfereji huua bakteria wa sponji wanaovunja amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na kuwajenga upya huchukua wiki kadhaa.