Sanduku la Amri Kumi kwa watoto: nimelitumia kwa vipindi kumi, haya ndiyo niliyoyaona

Sanduku ni la boksi gumu. Ndani mna vitu kumi vya kuonyeshea, kadi kumi zenye maneno ya Kutoka 20 na kijitabu cha mwalimu. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000, nikalitumia kwenye darasa la Jumapili lenye watoto wapatao 30 wa miaka 6 hadi 11, amri moja kila wiki. Ushauri wangu kwa walimu wa watoto hapa Dar ni huu: linunueni, ila msifuate kijitabu neno kwa neno. Baadhi ya vitu vyake vinafundisha kweli, vingine ni kiinimacho tu.

Kitu kinachofundisha ni kile ambacho mtu huishika au huivunja amri kwacho hichohicho. Kopo la kupimia ni mfano mzuri, maana wizi hufanyika ndani ya kopo lenyewe. Puto linalopulizwa hadi lipasuke, eti ndiyo tamaa, halifundishi. Mtoto wa miaka 7 anarudi nyumbani na habari ya puto, na ukimuuliza amri ilikuwa ipi anakutazama. Tena vipande vya puto lililopasuka ni hatari kwa wadogo, wanaviweka mdomoni. Kwa "Usiitamani" mimi hutumia begi jipya la shule, lile ambalo kila Januari mtoto mmoja analo na wenzake hawana. Hapo huhitaji maelezo mengi.

Somo bora la sanduku hili ni "Usiibe". Unapewa makopo mawili yanayofanana kwa nje, moja likiwa na kitako cha uongo kilichoinuliwa ndani. Kopo lina kina cha sentimita 10, kitako kimepanda sentimita 2, kwa hiyo kila ukipima unapunja sehemu moja ya tano. Andaa kilo 2 za maharage. Mtoto mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi. Muuzaji apime makopo matano kwa kopo bovu, mnunuzi amimine yote kwenye beseni lake, kisha ayapime upya kwa kopo zima mbele ya wote. Yatatoka manne. Ukimya unaofuata hapo ndio somo lenyewe. Uliza, "Kopo la tano liko wapi?" Wapo watakaosema hakuna aliyeiba kwa sababu mnunuzi alipewa makopo matano kama alivyolipia. Waache wabishane kidogo, halafu soma Kumbukumbu la Torati 25:13-15, panapokataza kuwa na mawe ya kupimia ya namna mbili, kubwa na dogo.

Somo hili huharibika kwa njia tatu. Usiposawazisha mdomo wa kopo kwa rula, lundo la juu linafuta tofauti yote na hesabu haitoki. Ukitumia mchele badala ya maharage, punje zinapenya pembeni na kitako kinaanza kucheza. Na kitako chenyewe ni cha karatasi ngumu iliyogundishwa. Kwa unyevu wa hapa kilibanduka wiki ya pili, nikaweka cha ubao mwembamba. Kwa wenye miaka 10 na 11 ongeza habari ya lumbesa: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini mkulima hulazimishwa kulijaza hadi linaota kilemba, naye analipwa gunia moja. Wataje pia Wakala wa Vipimo, wanaokagua mizani na kubandika stika, ili watoto wajue kwamba kipimo cha haki si jambo la kanisani tu. Ila waonye wasiende kumtuhumu mama wa genge mtaani kwao. Mtoto akitoka darasani na kumwita mtu mwizi bila kuwa na hakika, amri nyingine imeshavunjwa.

Amri hiyo nyingine, ya kutomshuhudia jirani uongo, kijitabu kinaifundisha kwa tyubu ya dawa ya meno: ikamue, kisha jaribu kuirudisha. Tyubu iliyokaribia kuisha inatosha, usiharibu nzima. Tatizo ni kwamba mtoto mjanja atakuuliza kwa nini usitumie bomba la sindano, na ni kweli, inarudi. Kopo lililopakwa rangi nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili linafaa zaidi. Waketishe wawili mkabala, kila mmoja aseme alichoona yeye tu, asiongeze. Huo ndio ushahidi, na ndiyo lugha ya amri yenyewe.

Kwa sanamu wameweka kasabuni kadogo ka kuogea, kagumu, kanakomeguka hovyo. Wazo ni zuri, sabuni siyo. Nunua sabuni ya mche iliyo mpya, kwa sababu iliyokaa muda mrefu dukani hupasuka ukiigusa. Kata kipande cha sentimita 10, kigawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza watoto wafulie leso. Nusu ya pili wachonge kasanamu kwa mpini wa kijiko cha chai, si kwa kisu. Kisha wakaulize kasanamu hako swali lolote, wasubiri jibu, halafu soma Isaya 44, kuhusu fundi anayepasua mti mmoja, nusu akaokea mkate na nusu akaipigia magoti. Mtoto mwenye povu mkononi anaelewa papo hapo. Wanawe mikono kabla hawajajifuta macho.

Kwa Sabato waliweka saa ya kuchezea. Niliiacha sandukuni, nikaleta dodoki na sufuria chafu. Kutoka 20:10 inampa pumziko hata mjakazi, na katika nyumba nyingi za Dar yuko dada wa kazi ambaye siku ya ibada ndiyo siku yake ngumu kuliko zote: wageni, pilau, vyombo mlima. Swali ni moja tu: "Nani anaosha vyombo nyumbani kwenu siku hiyo, naye anapumzika lini?" Kazi ya wiki ni mtoto kuosha vyombo vya mlo mmoja ili dada akae. Hakuna somo jingine ambalo wazazi wamelizungumzia zaidi ya hili, wengine kwa furaha, wengine kwa manung'uniko, na mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Kadi imeandikwa "Jumapili", hivyo Wasabato itawabidi waibandike karatasi juu.

"Waheshimu baba yako na mama yako" limepewa taji la karatasi. Tumia ndoo ya maji. Neno la Kiebrania la kuheshimu lina mzizi mmoja na uzito, na mtoto wa hapa tayari anajua kumpokea mkubwa wake mzigo pamoja na shikamoo. Lita 3 zinawatosha wadogo. Ile ya lita 20 waijaribu kuinyanyua kidogo tu, wajue mama hubeba nini. Kwa "Usiue" kijitabu kinawasha kiberiti. Mimi huweka helmeti ya bodaboda mezani, tukaongea habari ya mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, na kulinda uhai, pamoja na Kumbukumbu la Torati 22:8, panapoagiza dari la nyumba liwekewe ukingo ili mtu asianguke.

"Usizini" hufundishwa kwa karatasi mbili zilizogundishwa kisha kuvutwa. Gundisha kabla ya kipindi kuanza, dakika 30 angalau, kwani gundi mbichi huziachia karatasi salama na somo linageuka kinyume. Zungumzia ahadi na uaminifu, basi. Darasani wapo watoto ambao wazazi wao wameachana, na karatasi iliyochanika wataiona kwa macho mengine.

Somo la ziada la msamaha, la kumwaga Jik kwenye maji yenye rangi hadi yawe meupe, lirukeni. Mtoto anaona glasi ya maji safi, na kumbe ni sumu.

Jambo la mwisho kuhusu kadi: zimepewa namba, na "Usiibe" ni ya 8. Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya 7, kwa hiyo anayejiandaa kwa kipaimara atachanganyikiwa. Funika namba, itaje amri kwa maneno yake. Kadi hazina plastiki, zipeleke zikafanyiwe lamineshoni. Boksi litalegea kabla ya masika kuisha, hamishia vitu kwenye ndoo yenye mfuniko. Maharage usiyahifadhi humo, yataingia wadudu. Yapikeni.