Kamera yenye akili ilimwita kijana wangu mwizi

Haya ni maoni yangu kuhusu programu ya kuchambua video za kamera za duka; bei na idadi ya kamera mtaambiwa na muuzaji. Mimi nataka mjue kampuni ilichomfanyia kijana wangu wa duka.

Nina hadwea hapa Kondele, Kisumu, na miezi michache iliyopita niliwekewa programu ya akili unde ya kuchambua video za kamera. Jioni moja stima ikapotea, kamera zikabaki kwa betri, na roli nzima ya waya ikaondoka. Asubuhi fundi wa kampuni akaja, akabonyeza programu imtafute mwizi. Hata dakika tano hazikuisha, kisanduku chekundu kikamzunguka mtu: kijana wangu, uhakika wa mashine asilimia 91.

Nikamwambia fundi, "Hebu rudisha nyuma nione miguu." Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mathe, mashine imeshamaliza. Huyu mfute tu." Kijana mwenyewe amesimama pale pale, na wateja wawili kwenye kaunta wanasikia!

Nikairudisha mwenyewe. Yule mwizi amevaa akala. Kijana wangu hushinda kwa gumbuti, kwa sababu ya saruji. Na koti je? Giza likiingia kamera inatumia infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, rangi zote zinapotea, hata sweta nyeusi inaweza kutoka nyeupe-nyeupe, ikafanana na dastikoti yake ya kijivu. Uso ulifichwa na kofia. Yaani walilinganisha koti na kofia tu, wakanipa jina la mtu.

Nisiseme uongo, kutafuta inajua. Bila hiyo programu ningekesha nikitazama video ya usiku kucha, na huyo wa akala nisingemwona kamwe. Nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota tatu, nimlaumu fundi peke yake. Lakini nikampigia meneja wa kampuni, nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, kwamba mtu ana haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Akanikatia simu. Basi nyota moja, na pesa zangu nazitaka.

Kijana nilimwomba msamaha mbele ya majirani, na kazini yupo. Ila siku hizi, kabla ya kupita chini ya ile kamera ya mlangoni, anavua kofia kwanza.