Kituo cha Mkono kwa Mkono: tulivyopokewa mimi na mtoto wa kaka yangu

Nimewaomba ruhusa wazazi wake kabla ya kuandika. Mtoto, kijiji na hospitali tuliyokwenda sivitaji. Unguja ni ndogo.

Vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kingono, vimo ndani ya hospitali. Cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011, kisha vikaongezwa vingine Unguja na Pemba. Mimi nilikuwa nikilisikia jina redioni tu, mpaka mwaka huu nilipoingia mwenyewe na mvulana wa miaka 9.

Alikuwa ameanza kukojoa kitandani. Chuo cha Kurani hataki kwenda, na usiku akilala na suruali mbili alizozikaza kwa kamba, ndani ya joto la Machi. Jioni moja wifi yangu alimkuta analia nyuma ya choo. Akambembeleza, akasema. Aliyemfanyia, na siku ile alikuwa amemrudia, ni mtu tunayezikana naye na kuozeshana.

Basi wazee wakaketi, na muhali, kule kuoneana haya, ukatawala. Huyu mtu wetu, tusichafuane, tena mtoto mwenyewe mwanamume, atasahau. Siku tano zikaishia kwenye mkeka. Ya sita nikamshika mkono nikapanda naye daladala.

Getini niliuliza kwa sauti ndogo, mlinzi akanionesha njia bila kuniuliza nina shida gani. Ndani tulimkuta daktari, mshauri nasaha, afisa wa ustawi wa jamii na askari wa kike asiyevaa sare. Mtoto akasimulia mara moja tu, nao wakisikiliza. Asiyefikwa ataliona hili dogo. Mimi nilikwishapiga hesabu ya njia nyingine: kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, kisha kaunta ya polisi mbele ya watu, kisha foleni ya hospitali, na kila mahali aanze upya.

Daktari aliomba ruhusa kabla ya kumgusa. "Nianze na mkono, baba?" Alipokataa kuvua suruali hakulazimishwa. Walikaa karibu saa nzima wakizungumza mpira, mpaka mwenyewe akafungua kamba. Hatukudaiwa hata shilingi.

Kisha daktari akaniita pembeni. Bila kunilaumu, akanieleza kwamba dawa za kumkinga mtu na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Sisi tumechelewa. Atapimwa leo, na atarudi kupimwa tena. Na nguo alizovaa siku ile, wifi alikwishazifua. Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia, kwa hasira ya zile siku tano.

Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba, kwa Zanzibar, asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana wamezidi, na sisi tunawaambia watasahau!

Kasoro zipo, na nazisema kwa kuwa nataka zirekebishwe. Benchi la kusubiria liko ukumbini, mkabala na kliniki ya wajawazito. Jirani yetu alituona, na kabla hatujafika nyumbani habari ilikwishafika. Mara ya pili tulimkuta mshauri mwingine, akamtaka mtoto aeleze tangu mwanzo. Akanyamaza, na usiku ule akakojoa tena. Nilikwenda kulalamika kwa mkubwa wao, naye alinisikiliza. Ziara ya tatu tulirudishiwa yule wa kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yetu, na najua wapo wanaoshindwa njiani kwa sababu hiyo tu.

Mtuhumiwa yumo ndani, kwani makosa haya kwetu hayana dhamana. Baadhi ya wazee hawanisalimii.

Ukifikwa, nenda siku ile ile. Usimwogeshe mtoto, usifue nguo, zitie kwenye mfuko wa karatasi. Hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya watoto, hulipi.

Alhamisi tuna kikao cha nne. Jana, anavaa sare ya skuli, ameniuliza: "Shangazi, yule bibi wa penseli za rangi atakuwepo?"