Tiba ya Ayurveda kwa kipandauso: mafuta safi sana, ila vidonge mviulizie

Wenzangu wa kipandauso hii ni yenu, maana najua mnavyoteseka, nusu ya kichwa inagonga, jicho kama linataka kutoka, mwanga hutaki, kelele hutaki, na kichefuchefu juu yake, na ikikushika inaweza kukaa masaa 4 mpaka siku 3.

Nilienda kliniki ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, na kwanza walivyonihoji nimependa sana aisee. Mtabibu hakuwa na haraka, aliuliza usingizi, choo, nakula saa ngapi, maumivu yanaanzia wapi. Wao ugonjwa huu wanauita ardhavabhedaka na wana maelezo yao ya vata na pitta (nguvu za mwili ambazo wanasema zikivurugika unaugua), mimi nilichoshika ni kulala na kula kwa saa zilezile kila siku, na hilo hata hospitali watakwambia, kukosa usingizi na kuruka mlo vinachokoza kichwa kweli.

Sasa shirodhara. Unalala chali, macho yamefunikwa pamba, juu ya paji la uso kinaning'inia chungu chenye tundu, mafuta ya ufuta ya uvuguvugu yanachuruzika bila kukatika na mhudumu anakisogeza taratibu kulia kushoto, kama nusu saa hivi, yaani mabega yanaachia yenyewe mpaka usingizi unakuchukua! Nywele zinalowa chapachapa, beba kitambaa. Ile ya matone puani (nasya) sikuipenda, mafuta yanashukia kooni.

Matokeo kwangu: kichwa kinakuja kwa nadra kuliko zamani na nalala vizuri. Lakini kikishaanza mafuta hayakizimi, dawa yangu ya hospitali bado natembea nayo, na wao hawakunikataza, hapo nawapongeza. Na kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, au mkono ukaishiwa nguvu au mdomo ukapinda, usiende kupakwa mafuta, kimbia hospitali.

Kilichoniudhi ni vidonge. Wamenipa kwenye kipakiti kitupu, hakuna jina wala viambato, nikavirudisha. Ayurveda ina tawi linaitwa rasa shastra ambalo huchanganya madini makusudi, na utafiti uliotoka Marekani 2008 ulipima dawa za Ayurveda zinazouzwa kwenye intaneti, karibu moja kati ya kila 5 ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, yaani sumu. Mama mjamzito ndio kabisa asiguse. Kwa mafuta na ushauri narudi hata kesho, vidonge mpaka waweke lebo na cheti cha maabara.