Redio ya andagraundi iliyomcheka andagraundi wetu

Ningekuwa siipendi hii redio nisingepoteza bando kuandika maoni haya na kuipa nyota.

Mimi fundi cherehani, Mwanga hapa Kigoma. Nikipata tenda ya sare za shule nakesha. Simu naitumbukiza kwenye jagi la plastiki ili sauti ijae, nafungua hiyo redio ya mtandaoni, nashona mpaka saa saba usiku. Singeli za kupikwa chumbani Mburahati, Dar, halafu rapu ya mtoto wa Tanga ambaye hata video hana, utazisikia wapi kwingine? Kiduara kikianza kuzunguka siwalaumu, mtandao wetu naujua.

Sasa huo usiku. Mtoto wa kaka yangu anachana kwa Kiha. Wimbo amerekodi kwa simu, biti kapewa na rafiki yake wa Gungu, na kwa nyuma kuna mlio wa injini za boti alioufuata mwenyewe Kibirizi. Unahusu siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokaa nyumbani kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Mimi ndiye niliyeutuma. Nikasubiri, usiku baada ya usiku, mpaka nikausikia unaanza. Nikasimamisha cherehani.

Hata ubeti wa kwanza haukuisha. Mtangazaji akaukata: "Huyu Mrundi au? Jamani, mwisho wa reli huko!" Mwenzake akacheka mpaka akapaliwa.

Nikatuma ujumbe wa sauti kwa adabu zote. Kaka habari za usiku, mimi shangazi yake huyo kijana, hicho ni Kiha, ni lugha ya hapa hapa Tanzania. Jibu: "Mama, hiki kipindi cha vijana, usichukulie siriasi." Mama! Wiki hiyo hiyo nilipowasifia nilikuwa "dada yetu wa Kigoma".

Asiyetoka huku ataona nakuza mambo. Kuulizwa kama wewe ni Mrundi kwetu si utani, tunaulizwa hivyo kwenye mabasi, basi likisimamishwa barabarani, na ole wako uwe umesahau kitambulisho. Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndiyo, kwa hiyo? Na hiyo singeli wanayojivunia, si iliitwa muziki wa wahuni hapo hapo Dar, kabla Wazungu hawajaanza kuwaita vijana wetu kwenye matamasha yao? Diamond na Alikiba wana asili ya wapi, kama si huku mwisho wa reli? Redio inayosema ipo kwa ajili ya wasiosikika, ikimpata asiyesikika inamkata ili icheke. Nyota moja, na hiyo moja ni ya jagi langu.

Nikaifuta kwenye simu. Nikakaa bila hiyo redio muda, wiki mbili tatu hivi. Nikajaribu nyingine: tangazo la mikopo, nyimbo zile zile, tangazo la mikopo. Nikairudisha, nikijiona mjinga. Na usiku huo huo yule dada mtangazaji wa Jumapili, ambaye yeye hana neno na mtu, akapiga taarabu ya zamani iliyotiwa biti nzito chini yake, nikajichoma sindano. Basi yeye tano. Yule kaka sifuri. Mtajumlisha wenyewe, mimi hesabu zangu ni za futi kamba.

Kinachonimaliza ni mtoto mwenyewe. Nilidhani amevunjika moyo, kumbe anatamba Gungu nzima: "Shangazi, si wamenipiga lakini?" Kile kicheko cha mtangazaji, na kupaliwa kwa mwenzake, amekikata akakiweka mwanzoni mwa wimbo mpya. Kimeingia kwenye biti vizuri, sikatai. Sasa anataka niwatumie na huo.

Upo kwenye simu yangu tangu juzi. Sijautuma.