Lizi ya gari la familia Houston: yadi mbili, gari lile lile

Nianze na nyota, mwenye haraka aende zake. Yadi ya kwanza nyota 1, na hiyo moja ni ya kahawa yao. Yadi ya pili nyota 4. Gari ni lile lile, Honda Pilot EX-L ya viti 8, bei ya kwenye kibandiko cha kioo dola 46,000. Zote mbili ziko hapa Houston na majina yao nayaacha.

Sisi tuko watano nyumbani, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Dar kukaa miezi sita. Gari letu la zamani ukishafunga viti viwili vya watoto kule nyuma, mtu mzima anakaa upande upande kama yuko kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni. Kununua kwa mkopo tulipiga hesabu, rejesho la mwezi likatushinda. Ndiyo tukaangukia lizi: unakodi gari jipya miaka mitatu, unalipia thamani linayopoteza kwa muda huo pamoja na riba, kisha unalirudisha. Kaka yangu kule Tabata mpaka leo hajaelewa. "Yaani dada unalipa miaka mitatu halafu gari si lako?" Ndiyo kaka, na nyumba ninayolipia kodi nayo si yangu.

Sasa, mimi nimekulia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mama yangu akiuza vitenge. Kupatana bei sikufundishwa, nimezaliwa nako. Jumamosi ile niliingia yadi ya kwanza nikamwambia Baba Neema akae kimya, aniachie mimi. Muuzaji, kijana mcheshi, akaandika kwenye karatasi: dola 710 kwa mwezi. Nikacheka, nikabeba mkoba. Akaniomba nikae, akaenda kumwona "meneja" nyuma ya kioo, akarudi na 680. Nikasimama tena. Akaenda, akarudi. Saa mbili na nusu za kwenda na kurudi, tukafika 625. Nilijisikia kama nimeshusha doti ya kitenge kwa nusu bei.

Baba Neema ndiye aliyeivuta karatasi. "Mama Neema, hii miezi mbona imekuwa 39? Si ilikuwa 36?" Akaendelea kushusha kidole. Kianzio, yaani pesa ya kutanguliza, kilikuwa 3,000, sasa 5,000. Maili tunazoruhusiwa kutembea kwa mwaka zilikuwa 12,000, sasa 10,000. Na bei ya gari yenyewe haikuguswa hata senti: 46,000, juu yake 1,800 za rangi ya kinga na hewa ya naitrojeni kwenye matairi ambayo hakuna aliyeiomba. Nilipatana kwa saa mbili na nusu nikashusha kitu ambacho wao walikuwa wanakihamisha tu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule. Kariakoo bei ni moja, ukiishusha imeshuka. Huku rejesho la mwezi ni kivuli cha namba nyingine nne au tano, na mimi nilikuwa napigana na kivuli.

Hicho kianzio ndicho kilichonikera kuliko vyote. Kwenye lizi, ukitanguliza 5,000 halafu gari likagongwa wiki ijayo likawa si la kutengenezeka, bima inamlipa mwenye gari, ambaye si wewe. 5,000 yako imekwenda. Mikataba mingi ya lizi huwa na kinga ya kuziba pengo kati ya malipo ya bima na deni lililobaki, lakini kianzio hakirudi. Toa kidogo uwezavyo.

Hatukusaini. Kesho yake, baada ya kanisa, tulirudi kuzunguka yadi mbalimbali peke yetu. Sheria ya Texas hairuhusu yadi kuuza gari Jumamosi na Jumapili zote mbili, kwa hiyo nyingi hufunga Jumapili, na hapo unachungulia vibandiko vya vioo kwa raha zako bila kufuatwa na mtu. Jumatatu Baba Neema akaziandikia barua pepe yadi nne, sentensi zile zile: gari hili, miezi 36, maili 15,000, kianzio sifuri, nitajieni bei ya gari, thamani ya mwisho (gari linahesabiwa litakuwa na thamani gani siku ya kulirudisha), na kizidishio cha riba.

Hicho kizidishio ni namba ndogo ya ajabu, 0.00 na kitu. Ukiizidisha kwa 2,400 unapata riba ya mwaka kwa asilimia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inawalazimu kukuonyesha kwenye mkataba jumla ya dola za riba, ila kizidishio chenyewe hawalazimiki kukitaja. Yadi mbili zikajibu "njooni tuongee". Moja haikujibu. Ya nne, ambayo ndiyo yadi yangu ya pili ya nyota 4, mama mmoja wa mauzo ya mtandaoni alijibu kila kitu kwa mistari mitano: bei 43,000, thamani ya mwisho asilimia 58 ya bei ya kibandiko, kizidishio 0.0025. Yaani riba asilimia 6. Tukakokotoa ile karatasi ya kwanza kinyumenyume, ikatoka 0.0032, karibu asilimia 7.7. Tofauti hiyo peke yake ni kama dola 49 kila mwezi.

Rejesho likawa 627 kabla ya kodi. Ndiyo, dola mbili zaidi ya "ushindi" wangu. Lakini bila ile 5,000, na maili 5,000 zaidi kila mwaka. Kwa 12,000 tungelipa pungufu kidogo, ila sisi tunatembea kama 14,500, na kila maili ya ziada ni senti 20. Miaka mitatu hiyo ni dola 1,500, wakati kupanda hadi 15,000 kulipunguza thamani ya mwisho kwa 920 tu, yaani ndizo tunazolipa zaidi, ukiacha riba. Kuhusu kodi, mjue Texas inatoza asilimia 6.25 kwenye bei yote ya gari, si kwenye marejesho, na kampuni ya lizi inakusukumia wewe. Mtu wa jimbo jingine asije akashangaa.

Nyota ya tano waliipoteza ofisi ya fedha, siku ya kusaini. Tulikaa karibu saa mbili, na ile naitrojeni ikatokea tena kwenye karatasi, safari hii 199. Nikamwambia kijana matairi yangu yanapenda hewa ya kawaida. Akaifuta bila ubishi.

Gari lenyewe sina neno. Mama mkwe anakaa safu ya pili katikati ya wajukuu kama jaji, na Neema ameikodi safu ya tatu. Kwenye friji nimebandika karatasi: maili 1,250 kwa mwezi. Mwezi uliopita tulifika 1,610, harusi ya Dallas, kwenda na kurudi. Mwezi huu Baba Neema anaenda dukani kwa miguu.