"Meno ni meno": duka la magari ya rimoti Kariakoo lilivyoniharibia gari

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Wiki kadhaa zimepita, na ile gia kubwa iliyoliwa bado iko juu ya meza yangu ya cherehani, imepukuchuliwa upande mzima kama gunzi la muhindi, na kila nikiitazama namsikia yule kaka wa dukani akisema meno ni meno.

Nieleze kwanza nilichokifuata. Nina gari la rimoti la kukimbiza kwenye vumbi, aina ile ambayo kila kitu kinafunguka: mota peke yake, kontrola inayopima umeme wa mota peke yake, servo, yaani kimota kidogo cha usukani, peke yake. Wengi wanaoanza hununua lile la dukani la bei rahisi ambalo umeme wake wote umeshikiliwa na kibao kimoja. Kikiungua kibao, gari limekufa. Mimi nilichagua kwa swali moja tu: mkono wa mbele wa gari, ule unaoshika tairi, ukivunjika Jumapili, Jumatatu nitaupata Dar? Mwendo kasi sikuuliza. Na mpaka leo namwambia kila anayeniomba ushauri aanzie hapo, maana gari zuri lisilo na spea ni pambo la kabatini.

Sasa, mimi naendeshea Goba, kwenye viwanja ambavyo watu wamemwaga kifusi na mchanga wakisubiri kujenga. Kuna mlima, kuna mawe, kuna mchanga mzito. Gari lilikuja na gia ndogo ya mota yenye meno 21 na gia kubwa ya meno 86. Kwenye lami ni raha. Kwenye kupanda kifusi mota inateseka, dakika chache huwezi kuishika kwa kidole. Dawa yake inajulikana: punguza meno ya gia ndogo. Ukiweka 16, mota inazunguka karibu mara 5.4 ili gia kubwa izunguke mara moja, badala ya mara 4.1. Unapoteza mbio, unapata nguvu, na mota inapumua. Kwa joto la Dar hilo ni jambo kubwa. Hata oili ya shokapu huku inakuwa nyepesi kuliko ulivyotarajia. Mimi nimeshalazimika kuweka nzito zaidi, tena si mara moja.

Basi nikatoka Goba kwa daladala hadi Kimara, nikapanda mwendokasi, nikashuka Gerezani. Duka silitaji. Wanaocheza mchezo huu wanalijua. Limejaa vitu, hilo nakiri mapema: tairi, springi, beringi za kila saizi, zimening'inizwa mpaka dari.

Nikamsalimia, nikamuuliza, "Kaka, hii gia ya meno 16 ni pichi 48 au ni ya moduli?" Hivyo ni vipimo viwili tofauti vya ukubwa wa jino.

Hakuinua macho kwenye simu. "Gari la mtoto?"

"La kwangu."

Ndipo akaniangalia, akamgeukia mwenzake wakacheka. "Dada, mwambie shemeji aje mwenyewe. Atanielewa."

Nikarudia swali. Nilirudia kwa upole, Mungu anajua. Akaichukua gia, akaipachika kwenye shafti ya mota iliyokuwa pale kaunta. "Inaingia? Imeingia. Meno ni meno, dada. Elfu kumi na mbili."

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo kosa lote lilipo. Kuingia kwenye shafti hakuthibitishi chochote. Mota za saizi hii kwa kawaida zina shafti ya milimita 3.17, kwa hiyo gia za kila aina ya meno zinatobolewa tundu hilohilo. Kinachotofautiana ni jino lenyewe. Pichi 48 maana yake meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani jino moja linachukua kama milimita 0.53 ya kipenyo. Moduli 0.6 inachukua 0.6 kamili. Kutoka jino hadi jino tofauti haifiki robo ya milimita, kwa macho huioni. Lakini meno yasiyolingana yanasagana, mota inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na gia ndogo ni ya chuma, kubwa ni ya plastiki. Nani ataliwa?

Niliuliza swali sahihi kwa mtu ambaye kazi yake ni kulijua jibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile elfu kumi na mbili.

Nyumbani nikafunga kama inavyotakiwa. Unakata kipande cha karatasi, unakipitisha katikati ya gia mbili, unazisukuma zikumbatiane, unakaza mota, halafu unazungusha karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo nafasi ya gia kupumua. Nikazungusha kwa mkono, nikahisi kama kuna sehemu inakwama kidogo. Nikadhani ni upya wake.

Jumapili jioni, Goba, watoto wa jirani wamekaa juu ya matofali wakisubiri. Gari lilipanda kifusi mara ya kwanza vizuri sana, na nguvu ile niliyoitaka nikaiona, tairi zinachimba bila mota kulalamika. Mara ya tatu nikasikia sauti kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Halafu mlio wa mota peke yake, mwembamba, wa juu, na gari limesimama. Nilipofungua kifuniko, unga wa plastiki ulimwagika kwenye kiganja changu. Binti mmoja mdogo akaniuliza, "Shangazi, limekufa?" Sikumjibu.

Nilirudi dukani na gia zote mbili kwenye mfuko. Kaka ni yuleyule. Alizitazama kwa sekunde mbili akasema nimefunga vibaya, ningempa fundi. Nikamweleza karatasi. Nikamweleza pichi. Akanikata: "Dada, mali ikishatoka hairudi." Akanionyesha mlango kwa kidevu. Kwa kidevu! Mimi nashona nguo za watu mwaka wa kumi na kitu, na sijawahi kumwambia mteja ambaye mkono umembana kwamba kosa ni la mkono wake.

Ningeishia hapo ningesema duka lile lifungwe. Lakini niseme kweli yote. Nilikuwa nimeshafika nje karibu na barabara nikasikia, "Mama, mama, samahani." Ni kijana anayewapangia mizigo, hata miaka ishirini sidhani kama amefika. Mkononi ana gia ndogo ya meno 16 na gia kubwa aliyoitoa kwenye gari bovu. Akazibana pamoja, akazinyanyua kuelekea juani, akazizungusha taratibu. "Angalia mwanga katikati ya meno, mama. Ukiona mwanga unabadilika, siyo zenyewe. Hizi ni zenyewe." Mwanga haukubadilika. Akaniomba elfu tano ya zote mbili na akasema nisimwambie bosi.

Nimezifunga. Zinalia vizuri, ule mlio laini unaojua mwenyewe kuwa mambo yako sawa. Gari linapanda kifusi cha Goba chote, mota nikiishika ina joto la kawaida tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama pale pana mali nzuri, nitasema ndiyo. Akiniuliza kama pana mtu anayejua kazi, nitasema yupo, ana macho na ana adabu.

Halafu nakumbuka kwamba kijana mwenye ujuzi ndiye anayejificha, na asiyejua ndiye aliyekaa kwenye kiti, anawachekea wanawake wanaouliza maswali. Hasira inarudi yote. Hapana. Sipapendekezi.

Ukilazimika kwenda, nenda na gia yako ya zamani mfukoni, zibane na mpya palepale kaunta, uzielekeze kwenye taa kabla hujatoa hela. Akikuambia habari za shemeji, endelea kuzungusha. Mimi sirudi. Springi zangu za nyuma zimeanza kulala, na kila nilipoulizia mpaka sasa naambiwa ziko kwake, lakini nitaendesha hivihivi mpaka nipate pengine.